Mkono Unaoniamsha Saa Nane za Usiku

Shikamoo Mama,

Mimi ni msusi, nina miaka 38 na watoto watatu, niko Morogoro mjini. Nasuka tangu nikiwa binti, lakini saluni yangu mwenyewe niliifungua 2014. Nasuka kila kitu: yeboyebo, twende kilioni, na zile rasta ndogondogo za kukaa tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Mkono wa kulia ndio unaotulisha nyumbani, na sasa ndio unaonisaliti.

Ilianza kama miezi saba iliyopita. Naamshwa usiku, mara nyingi saa nane hivi, mkono mzima umekufa ganzi na unachomachoma kama siafu wanatembea ndani ya vidole. Nakaa kitandani naukung'uta, naukung'uta, mpaka mume wangu anauliza kama nafukuza mbu. Baada ya dakika kadhaa unaachia. Kwa kuwa nimeshaamka naenda chooni, narudi, nalala, na kabla hakujapambazuka umeniamsha tena, naenda tena. Mwezi uliopita na wa kushoto umeanza kidogokidogo.

Mchana kuna afadhali, ila nikikaa na kichwa cha rasta zaidi ya saa moja vidole vinakuwa vizito kama vya mtu mwingine. Kitana kinaniponyoka. Juzi mteja alijitazama kwenye kioo, akanyamaza, halafu akasema taratibu, "Dada, huu mstari mbona umekwenda kushoto?" Nilifumua mistari minne nikaanza upya bila kumtoza. Vifungo vya shati la shule la mwanangu siku hizi anafungwa na dada yake.

Nimehangaika, Mama. Duka la dawa walinipa vidonge vya maumivu, kisha sindano tano za vitamini, za tako. Hakuna kilichobadilika. Kuna mzee anachua watu, huyo alinipaka mafuta ya nazi yenye karafuu, akaweka gumba lake katikati ya kifundo cha mkono, akakandamiza mpaka nikatoa machozi. Alisema mshipa umepanda juu ya mwenzake na lazima ushushwe. Usiku huo ulikuwa mbaya kuliko zote. Hospitalini nilipigwa eksirei, wakasema mifupa ni mizima. Daktari akaniambia harakaharaka kwamba ni mshipa wa fahamu umebanwa, ukizidi nitapasuliwa. Hakuugusa mkono wangu.

Jirani yangu alipasuliwa kwa tatizo hilohilo, huu ni mwezi wa pili na bado hawezi kukamua nguo. Rafiki yangu naye ananiambia kuna kijana wa fizio anayetibu kwa mikono, shilingi elfu thelathini kila kikao, ananyoosha vifupa vya kifundo na anasema kisu hakitahitajika. Mama mkwe anasema nimefungwa mkono na mwenye saluni ng'ambo ya barabara.

Naomba uniambie mambo mawili. Nitajuaje kwamba kweli ni huo mshipa? Na hiyo tiba ya mikono inaponya, au nitapoteza hela? Nina uzito kiasi. Mama yangu ana kisukari lakini mimi sijawahi kuugua cha maana, ni kiu tu ya joto la saluni. Desemba inakuja, na Desemba ndiyo mavuno yetu wasusi.

Msusi wa Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mama mkwe, maana la kwake ni rahisi. Mwambie kwa heshima kwamba huyo mchawi ana kazi nyingi mno. Anafunga mikono ya mafundi cherehani, ya vijana wa mashine za kutoboa mawe, na ya wajawazito wa miezi ya mwisho ambao hawana saluni wala mshindani. Wote huamka usiku kama wewe na wote hukung'uta kama wewe.

Na huko kukung'uta ndiko kulikonifanya niweke kikombe cha chai mezani nisome barua yako upya. Tangu 1984 madaktari wameiandika ishara hiyo kwenye majarida yao: muulize mgonjwa anafanya nini mkono ukimwamsha. Kama badala ya kujibu anakung'uta hewani, kama muuguzi wa zamani alivyokuwa akishusha kipimajoto cha zebaki, umeshakaribia jibu. Daktari wako angekuuliza swali hilo moja tu asingehitaji eksirei. Eksirei inaonyesha mifupa. Mshipa wa fahamu hauonekani pale, hata uwe umebanwa namna gani.

Chukua rasta tisa ulizokwisha kusuka, ziweke pamoja, katikati yake pitisha uzi mmoja laini wa hariri, kisha zifunge zote kwa mpira mmoja wa nywele. Hicho ndicho kifundo cha mkono wako kwa ndani. Kuna vifupa vinane vilivyojipanga kama bakuli, juu yake umepita ukanda mgumu kutoka upande wa gumba hadi upande wa kidole kidogo, na ndani ya kijihandaki hicho zinapita kano tisa zinazokunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, ambao madaktari huuita neva ya kati. Bakuli ni mfupa, ukanda hautanuki. Kano zikivimba kidogo tu, au maji ya mwili yakijaa humo, anayeumia kwanza ni yule laini. Kwa hiyo yule mzee wa karafuu hakuwa na sababu ya kushusha chochote. Hakuna mshipa uliopanda juu ya mwenzake. Alichokifanya ni kuukandamiza mshipa uliokuwa umeshakandamizwa, na usiku ule ukakulipa.

Kwa nini iwe usiku? Kwa sababu tunalala tumekunja mikono kama watoto, kiganja kimeelekea kifuani au kimewekwa chini ya shavu. Kifundo kikikunjwa hivyo, nafasi ya humo ndani inapungua na mgandamizo unapanda, na wewe umelala, huna habari ya kukinyoosha. Mshipa unakosa damu ya kutosha, unapiga kelele, nawe unaamka. Ukikung'uta, damu inarudi.

Sasa swali lako la kwanza. Umeandika "mkono mzima umekufa ganzi". Kila mtu huniambia hivyo, na karibu kila mtu hukosea, si kwa uongo, ni usingizi. Leo usiku ukiamshwa, kabla hujaukung'uta, washa tochi ya simu. Kwa mkono mwingine gusa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama unayetafuta chawa. Anza na gumba, nenda cha shahada, cha kati, halafu cha pete upande ule unaotazamana na cha kati, kisha cha pete upande wa pili, umalizie na kidole kidogo. Asubuhi laza kiganja kwenye karatasi ya daftari la mtoto, zungushia kalamu, paka wino mahali palipokuwa na ganzi. Mchoro huo uende nao hospitali. Una thamani kuliko picha uliyopigwa.

Kwa sababu mambo yako hivi: neva ya kati inahudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole kidogo kina mshipa wake mwingine kabisa, unaopita nje ya handaki hilo. Kikiwa kizima huku wenzake watatu na nusu wamekufa, tunazungumzia kifundo. Kikiwa na ganzi nacho, hasa kama ndicho kinachoongoza, tazama kiwiko. Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni ngozi ya ile nyama nene chini ya gumba. Kijitawi kinachoipa hisia huchepuka kabla ya kuingia handakini na kupita juu. Kwa hiyo mshipa ukibanwa kifundoni vidole hufa ganzi lakini ngozi ya hapo hubaki na hisia zake. Ikiwa nayo imekufa, tatizo liko juu zaidi.

Juu zaidi ni wapi? Mara nyingi ni shingo. Hapa nitakiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado na shauku ya kutoka chuoni, nilimtibu fundi cherehani mmoja kifundo cha mkono kwa wiki tano. Alikuwa na ganzi ya gumba na kidole cha shahada, anaamka usiku, kila kitu kilikuwa sawa na kitabu. Hakupata nafuu hata chembe. Wiki ya sita, wakati anavaa koti, aligeuza uso kulia akatazama juu kwenye feni, akaruka: "Hiyo! Hiyo shoti!" Umeme ulikuwa umeshuka kutoka shingoni hadi gumbani. Wiki tano nilikuwa nikipiga hodi nyumba siyo. Alinisamehe, ila hakurudi kwangu, na sikumlaumu. Tangu siku hiyo hakuna mkono ninaougusa kabla sijamwambia mwenyewe atazame dari, kulia na kushoto.

Wewe nawe unasuka ukiwa umeinamisha kichwa saa nane kwa siku, kwa hiyo shingo yako nayo ina maelezo ya kutoa. Inawezekana vyote viwili vipo pamoja. Mshipa unaosumbuliwa juu haufurahii kubanwa tena chini.

Vipimo vya chumbani ni vitatu na unaweza kuvielewa ili ujue kama anayekupima anajua kazi. Cha kwanza ni cha Phalen, daktari wa upasuaji wa Marekani: migongo ya viganja inagusana, vidole vimeelekea chini, viwiko vimetanuka, unakaa hivyo dakika moja nzima kwa saa. Siafu wakianza kutembea kabla dakika haijaisha, kipimo kimeitikia. Cha pili ni kugongagonga juu ya kifundo kwa ncha ya kidole ili kuona kama umeme unaruka vidoleni. Hiki kina jina la Mfaransa Tinel, ambaye 1915, wakati wa vita, alikuwa akitafuta dalili kwamba mishipa ya askari waliojeruhiwa inaota upya. Kazi yake ya kwanza haikuwa hii, na kwa kweli ndicho ninachokiamini kidogo zaidi. Cha tatu ninakipenda: gumba za mpimaji zinakandamiza kwa usawa juu ya handaki kwa sekunde 30. Kama ganzi yako inazaliwa pale mbele yake, amekipata. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake. Ni maelezo yako, mchoro wako, na hivi vitatu vikisema lugha moja.

Kuna pia kipimo cha umeme, kinachopima kasi ya ujumbe ndani ya mshipa. Hakipatikani kila mkoa, na mtu mwenye tatizo jepesi anaweza kupata majibu mazuri kabisa huku anaumia. Kwako ningekitaka kabla ya upasuaji, au kama mchoro wako utatoka wa ajabu. Si lazima uanze nacho.

Kitu ambacho ni lazima ukiangalie leo, mchana, kwenye mwanga wa dirisha, ni vilima viwili vya nyama chini ya magumba yako. Viweke kando kwa kando. Vikiwa sawa, tuna muda. Kilima cha kulia kikiwa kimebonyea, kimekuwa kama andazi lililokosa hamira upande mmoja, hatuna muda. Kisha laza mkono kiganja juu, inua gumba lielekee dari, mwambie mume wako alishushe kwa kidole chake kimoja. Gumba zima hupigana. Likishuka bila ubishi, usiende kwa kijana wa elfu thelathini. Nenda kwa daktari wa upasuaji.

Tukijaalia vilima viko sawa, na ganzi bado inakuja na kuondoka, sasa tuzungumzie hiyo tiba ya mikono, ambayo ni kazi yangu na chakula changu, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari kidogo.

Kwanza, haifanani na kuchua. Mgonjwa wangu huketi, mkono umelala juu ya mto, kiganja juu. Naanza mbali, kwenye misuli ya chini ya kiwiko, ile inayokaza ukishika kitana, nailegeza polepole. Kisha naweka gumba zangu mbili katikati ya kiganja kwenye mzizi wake, vidole vyangu viko nyuma ya mkono wake, nasukuma gumba moja kulia, jingine kushoto, kama mtu anayefungua chungwa bila kulichana. Naushawishi ule ukanda uachie kidogo. Vifupa navisogeza kimoja kimoja, mwendo mdogo ambao mtu wa pembeni hauoni. Hakuna kishindo, hakuna kunyoosha, hakuna machozi. Vifupa vyako havijapinda, mwanangu, eksirei imekwambia hivyo, kwa hiyo anayesema anavinyoosha anakosea maneno au anakosea kazi. Baada ya hapo napanda begani na shingoni. Namaliza kwa kuuteleza mshipa wenyewe. Mshipa wa fahamu huteleza ndani ya mkono kila unapokunja na kukunjua, kama uzi wa kaptura ya mpira, na ukiwa umebanwa unagoma kuteleza.

Hilo la mwisho utalifanya mwenyewe nyumbani. Funga ngumi, kifundo kimenyooka. Fungua, nyoosha vidole vyote na gumba likae karibu nao. Rudisha kifundo nyuma kidogo, kama unayemwambia mtu asimame. Sogeza gumba pembeni. Geuza kiganja kielekee juu. Kila hatua hesabu hadi tano, rudia mara tano, mara tatu kwa siku. Ukihisi mvuto ni sawa. Ukihisi siafu, rudi hatua moja, wasipotoka ndani ya sekunde chache acha kwa siku hiyo. Wasusi mna hulka ya kukaza kamba mpaka mteja afinye macho. Hapa usikaze.

Inaponya? Kuna utafiti wa Hispania uliochapishwa 2015 ambao wenzangu wanapenda kuutaja, na wewe utatajiwa. Wanawake 120 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapasuliwa, jingine likapata tiba ya mikono mara tatu tu, nusu saa kila wiki. Baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi mitatu, waliotibiwa kwa mikono walikuwa na hali bora. Ilipofika miezi sita na mwaka, makundi yalilingana. Ni habari njema sana. Lakini wenzangu wakiutaja husahau mambo kadhaa. Tiba ile haikuwa ya kifundo tu, iligusa shingo, bega na njia nzima ya mshipa. Makundi yote mawili yalifundishwa mazoezi ya nyumbani. Na wenye kisukari hawakuingizwa. Tafiti nyingine za tiba hii zimetoa majibu yaliyochanganyika. Kwa hiyo mimi siiuzi peke yake. Naiuza pamoja na gango la usiku, na kama ningelazimika kukuacha na kimoja tu, ningekuachia gango.

Gango ni kile kifaa cha kitambaa chenye bati ndani kinachoshika kifundo kisikunjike. Kinauzwa maduka ya vifaa tiba. Tatizo la vingi ni kwamba bati lake limepinda kurudisha kifundo nyuma, na kifundo kilichorudishwa nyuma kinabana handaki kama kilichokunjwa. Chomoa bati, linyooshe, lirudishe. Kifundo kiwe wima kama mkono wa mtu anayetoa salamu ya kushikana. Ukikosa hela mwezi huu, taulo dogo limezungushwa, rula ya shule ndani yake, bendeji isiyobana juu, vidole viko huru. Vaa usiku tu, kila usiku, wiki sita. Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu linachosha, na wiki ya tatu wananipigia simu.

Kuna na sindano. Si zile za tako. Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, inayochomwa kifundoni penyewe na mtu anayejua mshipa ulipo. Utafiti wa Uingereza wa 2018 ulilinganisha sindano moja na gango: baada ya wiki sita waliochomwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, na baada ya miezi sita walikuwa sawa. Kwa msusi anayeitazama Desemba hilo si jambo la kudharau, muulize daktari. Ila usikubali kabla ya jambo ninalokuja kulisema sasa.

Umeandika kwa kupita tu, kama mtu anayefagia vumbi chini ya mkeka: mama yako ana kisukari, una uzito kiasi, una kiu ambayo unaisingizia joto la saluni. Na kwenye aya ya pili ya barua yako, bila kukusudia, umesema kila ukiamka unakwenda chooni, zaidi ya mara moja kwa usiku. Pengine ni mkono unaokuamsha na kibofu kinapata lifti. Pengine sivyo. Kisukari huufanya mshipa kuwa dhaifu na kuvimba kwa urahisi, na mikono miwili kufuatana kama yako inanifanya niulize. Kapime sukari asubuhi kabla ya kula chochote. Ikifika 7 au kuvuka kwa kipimo cha mmol/L, itarudiwa na utaanza matibabu, na hapo sindano ya steroidi itabidi iangaliwe upya kwa sababu hupandisha sukari. Ukiwa hapohapo mwombe daktari apime tezi ya shingoni, maana ikilegea kazi yake nayo huleta ganzi hii. Na kama siku zako zimepita, sema mapema. Ya mimba mara nyingi huisha baada ya kujifungua.

Miguu je? Hukuitaja. Kama nyayo nazo zinawaka au zina ganzi, hilo si la kifundo cha mkono. Kama uliwahi kumeza dawa za kifua kikuu, mwambie daktari, moja kati yake husumbua mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Na kama una baka la ngozi lisilohisi ukiligusa na unyoya, mahali popote, lionyeshe. Ukoma bado upo nchini, na unatibika.

Saluni. Sitakuambia upumzike, najua utacheka. Nitakuambia ukae vizuri. Wasusi wengi huketisha mteja juu ya kiti cha kawaida, wao wakasimama, na mikono inaning'inia kwa juu, vifundo vimekunjwa kama shingo ya kuku. Mteja akae kwenye kigoda, wewe juu ya stuli, kichwa chake kiwe usawa wa kifua chako, na utaona vifundo vinanyooka vyenyewe. Kichwa cha rasta ndogondogo gawana na binti unayemfundisha: wewe gawa mistari na anza mizizi, yeye amalizie urefu. Kila nusu saa weka kitana chini, fanya yale mazoezi ya kuteleza mara moja. Usiweke vichwa viwili vya rasta siku mbili mfululizo, katikati weka yeboyebo. Na kukamua nguo za nyumba nzima kwa sasa ni kazi ya huyo anayedhani unafukuza mbu.

Kijana wa elfu thelathini usimkatae, mjaribu kwa macho wazi. Siku ya kwanza angalia: je, amekuomba uonyeshe vidole gani? Amekuambia utazame dari? Amevipima vilima vya gumba? Amekutuma ukapime sukari? Akianza kukamata kifundo kabla ya hayo, lipa nauli ya bodaboda urudi. Akifanya hayo, mpe vikao vitatu mpaka vinne, pamoja na gango na mazoezi. Wiki sita zikipita na usiku wako ni uleule, usimwongezee hela kwa huruma. Na akikuapia kwamba kisu hakitahitajika kamwe, hilo hawezi kulijua.

Kuhusu kisu chenyewe, jirani yako amekutisha bure kidogo. Ni upasuaji mdogo, ganzi ya mkono tu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wanaukata ule ukanda, basi, handaki linapata nafasi. Ganzi ya usiku mara nyingi huondoka mapema, lakini kiganja huuma na nguvu ya kukamua huchukua wiki nyingi, wengine miezi kadhaa, kurudi. Mwezi wa pili bado ni mapema. Mwulize jirani swali jingine: usiku unalala? Nadhani atakujibu kwa tabasamu. Mtu wa kumwogopa si yeye. Ni yule aliyesubiri miaka mitatu kwa hofu ya kisu, kilima kikaisha, akapasuliwa, na vifungo bado vinamshinda, kwa kuwa mshipa uliobanwa muda mrefu hauna ahadi ya kurudi kama ulivyokuwa. Ganzi ikiacha kuondoka mchana, hata ukikung'uta, usinisubiri mimi wala Desemba.

Niandikie tena baada ya wiki mbili. Nataka picha ya ule mchoro wa vidole na namba ya sukari. Na pete ya ndoa, kama bado inakubali kutoka, ivue kabla ya kulala. Umeandika vidole vinakuwa vizito, na pete iliyonasa juu ya kidole kilichovimba nimeshaikata kwa msumeno zaidi ya mara moja.